Amana ya Ujiji: Picha za Bibi Harusi Ziko Mikononi mwa Nani?



Sisi tunaoshona nguo za maharusi hapa Kigoma tumezoea maswali ya mtandio, ya mkono mrefu, ya satini na lesi. Miaka hii limeingia swali jingine, na wengi huliuliza kwa sauti ya chini: "Zile picha nilizopigwa nikijaribu gauni, ziko wapi sasa?"

Anayeuliza ana haki. Picha ya kujaribu gauni ni ya mwanamke asiye na ushungi, nywele wazi, wakati mwingine mabega wazi, gauni likiwa bado lina pini. Imepigwa ili fundi aone pa kupunguza na pa kuongeza, basi. Ukijibiwa kwamba iko kwenye simu, umejibiwa nusu. Simu nyingi za leo zikipata intaneti hupeleka nakala ya picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, ile inayoitwa wingu. Na wingu hilo halina mvua. Ni majumba yenye kompyuta kubwa, mali ya kampuni fulani, katika nchi ambayo wengi wetu hatujawahi kukanyaga. Kwa hiyo picha yako iko kwa mtu. Umeweka amana bila kumjua uliyemwekea.

Leo basi tuache mitindo tusome historia kidogo. Mji wetu wa Ujiji uliishi na jambo hili zaidi ya miaka 150 iliyopita, kabla ya umeme na kabla ya reli. Nani anatunza mali ya asiyekuwepo? Nani ana ruhusa ya kuifungua? Na nani anaamua kwamba mwenyewe hatarudi tena?

Mji wa kuachiana mizigo

Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ujiji Februari 1858 waliwakuta Waarabu na Waswahili wa pwani wakifanya biashara. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia kwetu ziwani. Leo kwa treni kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Wakati ule ilikuwa kwa miguu, miezi na miezi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ilikuwa Manyema, palipotafutwa pembe za ndovu na, tuseme ukweli bila kuufunika, palipokamatwa watu wakauzwa. Ujiji ilikuwa soko la vyote viwili. Historia ya mji wetu ina uchungu huo na hatuwezi kuisimulia kama hadithi tamu.

Mfanyabiashara akitaka kuvuka ziwa hakuweza kubeba kila kitu. Vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, karatasi na barua vilibaki Ujiji kwa mwenyeji wake. Hapakuwa na benki wala posta. Palikuwa na neno la mtu, na neno lenyewe ni amana.

Sisi Waislamu tumelelewa na neno hili. Katika Sura An-Nisa aya ya 58 Mwenyezi Mungu anaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Na tunajua habari ya usiku wa Hijra: Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotoka Makka mwaka 622 alimwacha Ali nyuma ili awarudishie watu wa Makka vitu vyao walivyokuwa wameviweka kwake. Wengi wa watu hao walikuwa maadui waliotaka kumuua, na bado amana yao ilirudi. Ndugu zetu wa Zanzibar wana hata taasisi ya serikali yenye neno hilo katika jina lake, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kwa hiyo tukizungumza habari ya picha na wingu hatuleti jambo geni. Tunauliza swali la zamani kuhusu chombo kipya.

Fundi aliyepiga ramli

David Livingstone, Mskoti msafiri na mmisionari, alifika Ujiji Machi 1869 akiwa mgonjwa. Alitarajia kukuta mizigo aliyoletewa kutoka pwani. Sehemu kubwa ilikuwa imeibwa. Akavuka kwenda Manyema, akakaa huko zaidi ya miaka miwili.

Wakati hayupo, mizigo mingine ilitumwa kutoka Zanzibar kwa ajili yake. Ilipangwa na balozi mdogo wa Uingereza, John Kirk, kwa mkono wa mfanyabiashara Ludha Damji. Aliyekabidhiwa kuifikisha aliitwa Sherif. Na, jamani, kazi yake alikuwa mshoni. Fundi nguo kama sisi.

Livingstone aliporudi Ujiji Oktoba 1871, amechoka, miguu ina vidonda, hakukuta kitu. Mwenyewe ameandika hesabu: yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za shanga, na hakuachiwa hata yadi moja wala uzi mmoja wa shanga. Sisi tunaokata kitambaa kila siku tunaweza kuiona hesabu hiyo. Gauni la harusi lenye mtandio wake tukilipa yadi tano, yadi 3,000 ni magauni 600. Yote yamekwenda, yameuzwa kwa watu wa mjini kwa bei ya kutupa.

Sherif alijiteteaje? Alisema alipiga ramli kwa msahafu na ramli ikamwonyesha kwamba mwenye mali amekufa. Kisha alimwandikia gavana wa Unyanyembe, kule Tabora, kwamba alituma watu Manyema wakarudi na habari za kifo, akaomba ruhusa ya kuuza kilichobaki.

Tutulie hapa kidogo, dada zetu. Kwanza, msahafu haukushushwa upigiwe ramli, na kuutumia kuhalalisha wizi ni dhambi juu ya dhambi. Pili, tazameni jinsi jambo lilivyokwenda. Hakuna aliyevunja mlango. Mwenye kutunza aliamua mwenyewe kwamba mwenye mali hayupo tena, akaandika barua yenye sura ya utaratibu, akauza. Na walionunua walijua.

Mtu mmoja alisimama upande wa haki. Said bin Majid, mfanyabiashara Mwarabu wa Ujiji, alishauri vitu virudishwe kwa mwenyewe na pembe alizopata Sherif zichukuliwe. Livingstone mwenyewe alimwita mtu mwema. Ushauri haukufuatwa. Ni kweli habari hii tumeipata kutoka kwa aliyedhulumiwa, na yeye alikuwa na hasira. Lakini hata Henry Morton Stanley, aliyefika siku chache baadaye akamkuta chini ya mwembe wa Ujiji, alimkuta mtu aliyefilisika akiwa katikati ya mji uliotunza mali yake.

Barua zilizokataliwa njia

Vitambaa vilikuwa upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa maandishi. Livingstone aliandika barua nyingi Ujiji, akazitoa zipelekwe pwani na misafara, na nyingi hazikufika. Mwenyewe alieleza sababu: wakubwa wa biashara waliogopa kwamba barua zile zingetangaza mambo yao ya utumwa.

Hili ni somo tofauti na la kwanza. Kitambaa kiliibwa kwa kuwa kina bei. Barua zilizuiwa kwa ajili ya yaliyomo ndani yake. Anayebeba habari zako anaweza kutaka kuziuza, au anaweza kutaka zisifike. Kwa vyovyote, ukimpa bila kufunga, umempa uamuzi.

Ndiyo maana kilichofuata kinatufundisha. Machi 1872, Livingstone na Stanley walipoagana karibu na Tabora, Livingstone alimpa Stanley shajara yake aipeleke Uingereza kwa familia. Aliifunga, akaipiga mihuri mitano ya nta, akitumia sarafu kama mihuri, na juu yake ikaandikwa kwamba ni marufuku kabisa kufunguliwa. Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti, na kila mhariri duniani angetamani kuona ndani. Aliifikisha kwa familia na mihuri yake. Uaminifu wa mchukuzi ulisaidiwa na mihuri: kama angefungua, ingejulikana.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Mei 1873, Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao waliandika orodha ya vitu vyake, wakaubeba mwili na makaratasi, wakatembea kama miezi tisa hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mwezi huohuo msafiri mwingine, Verney Lovett Cameron, alifika Ujiji akayakuta makaratasi mengine ya Livingstone yaliyokuwa yameachwa huku, akayatuma Uingereza. Kwa hiyo mji uleule uliopoteza magauni 600 ulihifadhi karatasi. Amana haitegemei mji. Inategemea nani anaishika.

Kuna jambo la mwisho katika kisa hiki, nalo husahaulika. Makaratasi yalipofika Uingereza, Horace Waller aliyahariri yakachapwa kitabu mwaka 1874, miezi michache tu tangu yafike. Mhariri ndiye aliyechagua kinachoingia na kinachobaki nje. Mwenyewe alikuwa kaburini. Hata pale amana ilipobebwa kwa uaminifu kamili, mwisho wake ulipangwa na wengine kwa kuwa aliyekufa hawezi kusema hili nalitaka, lile silitaki.

Negativu ilibaki kwa mpiga picha

Turuke miaka tufike kwenye harusi za mama zetu. Bibi harusi alipelekwa studio au mpiga picha aliitwa nyumbani. Filamu moja ilikuwa na picha 36, kwa hiyo kila picha ilifikiriwa. Picha zilisafishwa, familia ikalipia, zikawekwa kwenye albamu, na albamu ikafungiwa kabatini na ufunguo akakaa nao mama. Waliotaka kuiona walikuja sebuleni, wanawake kwa wanawake, wakaiona, wakaenda zao.

Lakini negativu ilibaki studio. Kila mwenye umri wa kutosha anakumbuka madirisha ya studio yenye picha za maharusi zilizogeuzwa kuwa tangazo. Umelipia picha, wala huna negativu, na ukiitaka unaambiwa ndiyo kawaida. Swali la nani mwenye picha lilikuwepo tangu hapo. Halikuuma sana kwa sababu studio ilikuwa mtaani, mwenye studio ana jina, na baba yako mdogo angeweza kumfuata akamwambia: "Bwana, mtoto wetu mwondoe dirishani."

Ukaja mkanda wa video, ikaja CD. Kisha Julai 2009 waya wa SEACOM unaopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, mwaka uliofuata ukaja wa EASSy, na intaneti ikaanza kushuka bei hadi ikafika huku ziwani. Simu janja zikafuata. Mwaka 2015 Google ilileta Google Photos, na mwaka huohuo WhatsApp ikaanza kuweka nakala za mazungumzo ya simu za Android kwenye Google Drive. Watu wengi walibonyeza "kubali" ili simu iwake haraka, na tangu siku ile negativu za familia nzima zikahamia ng'ambo.

Umbali wenyewe huonekana siku ya hitilafu. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata matatizo baharini, na sehemu kubwa ya Tanzania ikakosa intaneti au ikapata ya kusuasua. Mwenye picha zake wingu tu, hata za nyumbani kwake mwenyewe, alisubiri.

Ni zako, lakini

Je, kwa mujibu wa mikataba, picha ni ya nani? Masharti ya kampuni kama Google yanasema maudhui yanabaki kuwa yako. Papo hapo unaipa kampuni leseni ya kuyahifadhi, kuyanakili na kuyapitisha katika mashine zake ili huduma ifanye kazi. Hii si hila yenyewe kwa yenyewe. Mtunzaji hawezi kutunza bila kushika. Lakini wewe una hati ya umiliki, mwenzio ana ufunguo wa ghala.

Na mwenye ufunguo ana masharti yake. Mei 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na barua pepe, faili na picha zake, na ufutaji ukaanza Desemba 2023. Sababu waliyoitoa ni usalama, kwamba akaunti zilizotelekezwa huvamiwa kwa urahisi, na ni sababu ya kweli. Pia walisema hutuma onyo kwanza. Hilo linawatenga mbali na Sherif, ambaye hakumwonya mtu. Lakini swali ni lilelile la Ujiji: mwenye mali amenyamaza muda mrefu, nani anaamua kwamba hatarudi? Fikirini mama aliyepoteza simu na namba yake ya zamani, au binti aliyekwenda kufanya kazi Oman akabadili kila kitu. Onyo linakwenda mahali ambapo hayupo.

Upande wa barua kufunguliwa nao una kisa chake. Mwaka 2014 picha za faragha za waigizaji wengi wa kike wa Marekani zilisambazwa mtandaoni. Ilipochunguzwa ilionekana wezi hawakubomoa kompyuta za kampuni. Waliwatumia wanawake wale ujumbe wa uongo uliojifanya umetoka kwenye kampuni, wakawalaghai wataje maneno yao ya siri, wakaingia kwenye akaunti zao za iCloud na Gmail kwa mlango wa mbele. Waliohusika walishtakiwa, wakafungwa. Picha hazikurudi kabatini.

Hapa kwetu mlango wa mbele una jina la karibu zaidi. Dada wengi simu yao ya kwanza walifunguliwa akaunti na muuza simu au kijana wa duka, papo hapo kaunta, na neno la siri akalichagua yeye. Huenda hana nia mbaya. Lakini akaunti ile ndiyo ghala la picha zako za hina, za kitandani na mtoto mchanga, za kujaribu gauni, na mtu wa pili ana ufunguo. Kama unasoma hapa na hulijui neno la siri la akaunti yako, acha kusoma, kalibadilishe, kisha urudi.

Sheria imekuja, imetukuta

Dini ilitangulia. Sura An-Nur aya ya 27 inatukataza kuingia nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na kutoa salamu. Sura Al-Hujurat aya ya 12 inakataza kupelelezana. Tunaona simu ya mtu kuwa nyumba yake: ina chumba cha wageni na ina chumba cha ndani. Na katika Sura Al-Baqara aya ya 187 mume na mke wamefananishwa na vazi, kila mmoja kwa mwenzake. Sisi mafundi tunaipenda aya hiyo, maana vazi kazi yake ya kwanza ni kusitiri. Hata talaka ikitokea, mume aliyebaki na picha za aliyekuwa mkewe amebaki na amana, wala hakubaki na silaha. Kadhalika mke.

Sheria za nchi nazo zimefika. Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake, maisha yake, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuwa kosa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini. Wengi tulianza kulihisi jambo la taarifa wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, kuanzia Mei 2019 hadi Januari 2020, tulipopanga foleni kutoa vidole vyetu na kujiuliza vinakwenda wapi. Wakati ule nchi haikuwa na sheria maalumu ya kujibu swali hilo.

Ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa tarehe 3 Aprili 2024 na Rais Samia Suluhu Hassan, mwanamke wa visiwani. Kwa maneno yetu, sheria inasema hivi: anayekusanya taarifa zako akuambie anazitakia nini, azitumie kwa jambo hilo tu, azitunze salama, na ukitaka kuziona au kuzisahihisha uwe na haki hiyo. Kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Ukidhulumiwa unaweza kulalamika kwenye Tume.

Msidhani ni maneno ya karatasi tu. Jirani zetu Kenya walitunga sheria yao mwaka 2019, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza faini shule moja ya Nairobi shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ukumbi mmoja wa starehe wa jijini humo ulitozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Ile hoja ya baba mdogo kwenye dirisha la studio, leo imepata ofisi na risiti.

Na sheria hizi zinatugusa hata sisi wadogo. Daftari la fundi lina jina lako, namba yako, kifua, kiuno na nyonga. Hizo ni taarifa binafsi. Mpambaji, mpiga hina, mpiga picha, mwenye ukumbi, wote wameshika amana.

Mihuri yetu mitano

Livingstone alipiga mihuri mitano. Na sisi tuipige mitano, kila mmoja wetu, kabla ya siku ya harusi.

Wa kwanza ni akaunti. Iwe yako, neno la siri uchague mwenyewe, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili ili mwenye neno la siri peke yake asiweze kuingia. Usimtajie mtu namba za uthibitisho zinazokuja kwa ujumbe, hata akisema anapiga kutoka kwenye kampuni.

Wa pili ni nakala. Ingia kwenye mipangilio uone ni folda zipi zinapelekwa mtandaoni, uzime zile za stara. Upande wa WhatsApp, mazungumzo yenyewe yamefungwa tangu 2016 yasisomeke njiani, lakini nakala ya mtandaoni ilikuwa haifungwi hivyo. Tangu Oktoba 2021 unaweza kuifunga kwa neno la siri lako mwenyewe. Haijifungi peke yake, lazima uiwashe. Na kumbuka kwamba picha iliyopelekwa Google Photos ukiifuta hukaa kwenye kapu la taka hadi siku 60, limwage.

Wa tatu ni makubaliano na watu wa harusi. Kabla ya kulipa arubuni, mwambie mpiga picha na mpambaji: picha hizi ni za nani, zitakaa wapi, zitafutwa lini, na hakuna kuziweka kwenye kurasa zenu bila ruhusa yangu. Iandikwe. Sura Al-Baqara aya ya 282 imetufundisha kuandika madeni, na ahadi ya kusitiri ni deni. Sisi kwenye kazi zetu, picha ya kujaribu gauni tunapiga kwa simu ya bibi harusi mwenyewe au ya somo wake. Tukihitaji kuikumbuka, tunaandika kwenye daftari: punguza kiunoni inchi moja. Maneno hayana mabega wazi.

Wa nne ni simu inayotoka mkononi. Kabla ya kuiuza au kuiacha kwa fundi simu siku mbili, toa akaunti, toa kadi ya kumbukumbu, na ukiiuza ifute yote irudi kama ilivyotoka kiwandani.

Wa tano ni wasia. Hapa ndipo kisa cha Horace Waller kinapotugusa. Mauti hayapigi hodi, na mwanamke aliyejisitiri maisha yake yote anaweza kuacha simu yenye picha elfu mikononi mwa asiyejulikana. Google wana sehemu ya kupanga akaunti ifanywe nini ukinyamaza kwa muda unaouchagua wewe: ifutwe, au afunguliwe mtu unayemwamini. Apple nao tangu mwishoni mwa 2021 wanakuruhusu kumtaja mrithi wa akaunti. Mchague dada, au binti, au mama. Mwambie akiwa mbele yako: hizi zifutwe bila kuangaliwa, hizi wape watoto. Ukiisha kusema, Sherif hana ramli ya kupiga.

Hatuwaambii mtupe simu ziwani. Kwa simu hizi tunapata wateja wa Kalemie na Bujumbura, tunatumiwa vipimo, tunalipwa, na bibi aliyeko Muscat anamwona mjukuu wake siku ya nikaha. Amana si kitu kibaya. Bila kuaminiana hakuna msafara ambao ungefika Ujiji. Tunachotaka ni kila mwanamke ajue amemwachia nani, kwa sharti gani, na afunge kabla hajatoa.

Mwenyezi Mungu awasitiri maharusi wetu duniani na akhera, atujaalie tuwe watu wa kurudisha amana, na azijaze ndoa zenu mapenzi na rehema. Amin.